Mbegu Ina Uhai: Tuijue Kabla ya Kuifukia



Kila mwaka masika yanapokaribia, kazi huwa nyingi katika mashamba ya Unguja. Wakulima wa mabondeni, huko Cheju, Kibokwa, Mtwango na Bumbwisudi, hutengeneza makonde yao ya mpunga. Wakulima wa maweni, huko Makunduchi, Jambiani na Paje, hufyeka vichaka na kuchonga miuo yao. Wenye mikarafuu, huko Kizimbani, Dole, Mangapwani na Donge, huchimba mashimo ya kutia miche.

Kisha mvua hunyesha, mbegu hufukiwa, na watu husubiri. Baada ya siku saba au nane kila mtu huenda kutazama. Kwa huyu konde limekuwa kijani kibichi. Kwa mwenziwe kuna kiraka hapa na kiraka pale. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja husema ardhi imechoka. Wa pili husema ni ndege. Wa tatu husema ni jicho la watu. Lakini mara nyingi si ardhi, si ndege, wala si jicho. Mbegu ilikuwa imekwisha kufa kabla haijafukiwa, ila mwenyewe hakujua.

Hasara yake si ndogo. Masika hayamngoji mtu. Anayerudia kupanda huwa nyuma ya mvua, na mpunga wake hufika kuchanua wakati maji yameanza kukauka. Mwaka huo nyumba nzima hununua mchele dukani. Jasho la kulima limekwenda bure, na mbegu imekwenda bure.

Kwa hiyo leo tunataka kuzungumza juu ya mbegu. Tutatazama mna nini ndani yake, huotaje, kwa nini mbegu nyingine hungoja na nyingine hazingoji, na vipi mtu anaweza kuijaribu mbegu nyumbani kwake kabla ya kuipeleka shamba. Jambo kubwa tunaloomba msomaji alishike ni hili: mbegu ni kitu hai. Kitu hai hula, huvuta pumzi, huzeeka na hufa. Na kila mbegu ina desturi yake.

MNA NINI NDANI YA MBEGU?

Chukua punje chache za kunde, uziroweke usiku kucha. Asubuhi zitakuwa zimevimba na kulainika. Menya ganda la punje moja kwa ukucha. Ganda hilo kazi yake ni kuilinda mbegu. Sasa ipasue taratibu. Utaona vipande viwili vinene, na katikati yake, ubavuni, kitu kidogo cheupe kilichojikunja. Tazama vizuri. Upande mmoja kina ncha, huo ndio mzizi utakaokuja. Upande wa pili kina vijani viwili vidogo sana, hivyo ndivyo majani yatakayokuja.

Kitu hicho kidogo ndicho mche wenyewe. Mwalimu wa skuli atakuambia kinaitwa kiinitete. Vile vipande viwili vinene ni chakula chake.

Mbegu zote tunazopanda zimejengwa hivyo: kuna ganda, kuna mche mdogo uliolala, na kuna akiba ya chakula. Kinachotofautiana ni mpango wake. Kunde, mbaazi na choroko zina ghala mbili za chakula. Mpunga na mahindi chakula chake kimekaa mahali pamoja, na mche mdogo umejibanza pembeni. Ukitazama punje ya mchele utaona pembe moja imemeguka kidogo. Pale ndipo ulipokuwa mche. Umetoka kwa kutwangwa au kwa mashine, na ndiyo maana mchele hauoti hata ukiupanda mwaka mzima.

Basi tunapopika wali kwa kunde na kutia tui la nazi, vyote vitatu ni akiba ambazo mimea iliwawekea watoto wake.

MBEGU INAVYOAMKA

Mbegu kavu imelala. Inavuta pumzi, lakini polepole sana, na chakula inakitumia kidogo kidogo. Ili iamke inahitaji vitu vitatu: maji, hewa na joto la kiasi. Joto kwetu Unguja si tatizo, tunalo mwaka mzima. Kazi yetu basi ni kuangalia maji na hewa.

Maji huja kwanza. Mbegu huyanywa, huvimba, na ganda lake hupasuka. Maji yakishaingia ndani, mbegu hutengeneza vitu viitwavyo vimeng'enya. Hivi huuvunja wanga uliomo ghalani na kuufanya sukari. Mche mchanga hauwezi kula wanga kama ulivyo. Huila sukari hiyo, ndiyo inayoupa nguvu ya kurefuka.

Hewa huja pamoja na maji. Mbegu inayoamka huvuta pumzi kwa nguvu kama mtu anayelima. Anayetaka ushahidi na atie mkono ndani ya polo la mpunga uliorowekwa na kuvundikwa. Ataona moto. Joto lile linatoka katika pumzi za mbegu zenyewe.

Kwa sababu hiyo, mbegu iliyofunikwa na maji bila hewa huoza. Kunde zikipandwa penye maji yaliyotuama, baada ya siku chache ukizifukua utakuta uji unaonuka. Mpunga una uwezo zaidi. Penye hewa ya kutosha, mzizi wake hutangulia kutoka. Chini ya maji, chipukizi ndilo linalotangulia, linakwenda juu kutafuta hewa. Lakini hata mpunga una mpaka wake. Bonde likifurika mara tu baada ya kupanda na maji yakakaa siku nyingi, mbegu nyingi hufa. Ndiyo maana mitaro ya kutolea maji husafishwa kabla ya mvua, si baada yake.

Mzizi ukitoka huelekea chini, na chipukizi huelekea juu. Hata ukiipanda mbegu kichwa chini miguu juu, mzizi utajipinda wenyewe ushuke. Jaribu kwa kunde katika gilasi: zungushia karatasi ndani yake, weka kunde baina ya karatasi na gilasi, tia maji kidogo chini. Mzizi ukifika urefu wa kucha, ilaze gilasi ubavu. Kesho yake utaona mzizi umekata kona. Watoto wa nyumbani watafurahi kuona, na wewe utakuwa umesoma.

MASHINDANO YA CHINI YA ARDHI

Tangu mbegu inapoamka mpaka majani yanapotoka nje, mche unakula akiba tu. Hauna pahala pengine pa kupata chakula. Kwa hiyo chini ya ardhi kuna mashindano: kipi kitatangulia, mche kufika kwenye mwanga au akiba kumalizika?

Mbegu kubwa kama hindi ina akiba nyingi, inaweza kutoka kina kirefu kidogo. Mbegu ndogo kama ya mchicha akiba yake ni kama hakuna. Ukiifukia kina cha kidole kizima, chakula humalizika njiani na mche hufa gizani bila ya mtu kuuona. Kanuni nyepesi ni hii: fukia mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Ya mchicha inyunyizie udongo laini kidogo juu, basi.

Aina ya udongo nayo ina maneno yake. Kunde inapoota hupanda juu na ghala zake mbili shingoni, kama mtu aliyebeba mzigo. Udongo wa kinamo ukipigwa na mvua kubwa kisha ukapigwa na jua, juu yake hufanya gamba gumu. Kunde hushindwa kulipasua na shingo hukatika. Ukiona hivyo, livunje gamba taratibu kwa mkono au kwa kijiti kabla hujaamua kupanda upya. Mpunga na mahindi huacha ghala chini na kupeleka juu chipukizi lenye ncha kama sindano, kwa hiyo hupenya kwa urahisi zaidi.

Mche ukifika kwenye mwanga, majani yake hugeuka kijani. Rangi hiyo inaitwa umbijani. Kwa umbijani, majani huchukua nguvu ya jua, maji kutoka mizizini na hewa ya kaboni kutoka nje, yakatengeneza sukari. Tangu siku hiyo mche umekuwa na jiko lake. Mche ulioota gizani huwa mrefu, mwembamba na wa manjano, kwa sababu bado unatafuta jiko na akiba inakwisha.

Wakaazi wa Mji Mkongwe nao wanaijua nguvu ya mbegu, ingawa hawalimi. Ndege hula tunda la mti wa jamii ya mkuyu, halafu huacha mbegu yake juu ya ukuta wa nyumba kongwe. Mbegu hiyo ni ndogo sana. Ikipata ufa wenye unyevu katika mawe na chokaa, huota. Mwanzo ni mche wa majani mawili. Ukiachwa, mizizi yake huingia ndani ya ukuta, hunenepa, na mawe hutengana. Mwenye nyumba aung'oe ukiwa mchanga. Ukishakuwa mti, kuung'oa ni kuuvunja ukuta.

MBEGU ZINAZONGOJA NA ZISIZONGOJA

Hapa ndipo watu wengi wanapopata hasara. Tumezoea kusema kwamba mbegu nzuri ni mbegu kavu. Neno hilo ni kweli kwa mpunga, mahindi, mtama, kunde, choroko, mbaazi na mchicha. Mbegu hizi zimezoea kukaukia juu ya mmea wake na kungoja mvua. Ukizikausha vizuri zinalala, na kulala ndiko kunakozihifadhi.

Zipo zinazolala usingizi mrefu kabisa. Kokwa ya mtende yenye umri wa karibu miaka 2000 ilifukuliwa katika ngome ya kale ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi. Ilipandwa mwaka 2005, nayo ikaota. Ilisalimika kwa sababu mahali pale ni pakavu sana.

Lakini ziko mbegu ambazo ukizikausha unaziua. Hizo ni kama embe, fenesi, doriani, shokishoki, kungumanga na karafuu. Asili ya miti hii ni nchi za misitu yenye mvua nyingi, ambako tunda likianguka hukuta ardhi ina maji. Mbegu zake hazikuwa na haja ya kungoja, kwa hiyo hazina uwezo wa kungoja. Mbegu ya namna hii imejaa maji ndani yake. Maji yakitoka, uhai hutoka nayo.

Mkoko umepita wote. Nenda Ghuba ya Chwaka utazame mikoko yenye matunda. Vile vitu virefu vya kijani vinavyoning'inia, mfano wa maganda ya mlonge, ni watoto waliokwisha kuota wangali juu ya mama yao. Mtoto akianguka huchomeka topeni, au huchukuliwa na maji mpaka apate tope la kushika mizizi. Pwani yenye chumvi na maji yanayopanda na kushuka si mahali pa mbegu kulala.

KARAFUU: MBEGU YA SIKU CHACHE

Karafuu tunayotia katika pilau si mbegu. Ni ua ambalo halijafunguka, limechumwa na kuanikwa juani. Ukilipanda haliwezi kuota. Ua likiachwa mtini hufunguka, halafu hugeuka tunda la rangi ya damu ya mzee linaloelekea weusi. Tunda hilo ndilo mpeta. Ndani ya mpeta mna mbegu, kwa kawaida moja, na mbegu hiyo ina vipande viwili vinene vya chakula kama tulivyoona katika kunde.

Mbegu ya mpeta haikai. Ikitoka katika tunda na kuachwa wazi, baada ya wiki moja au mbili nyingi huwa zimekufa. Mtu akiianika juani kama anavyoanika mpunga, akidhani anaihifadhi, hatapata hata mche mmoja. Kwa macho mbegu bado ni nzima, lakini uhai umekwisha kutoka.

Jambo hili limegusa historia yetu. Mikarafuu si miti ya asili ya Unguja. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Wafaransa waliitoa huko wakaipeleka katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, Mauritius na Réunion, katika miaka ya 1770. Mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Wanahistoria wengi humtaja Saleh bin Haramil, mfanyabiashara kutoka Oman, kuwa ndiye aliyeileta na kuipanda Mtoni na Kizimbani. Baadaye Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki 1856, aliwahimiza wenye mashamba kuipanda kwa wingi, na kazi hiyo ngumu ilifanywa na watumwa. Fikiria safari za jahazi na merikebu zama zile. Mbegu kavu ya karafuu isingefika hai. Kilichoweza kuvuka bahari ni mche uliotunzwa, au mbegu mbichi iliyowekwa penye unyevu.

Tena mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba haikuumia sana, na tangu wakati ule Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kutoa karafuu za maana. Aliyepanda mara tu baada ya kimbunga alingoja karibu miaka 8. Ambaye hakuwa na mche alingoja zaidi.

Na sisi leo tuna swali hilo hilo. Mikarafuu mingi tunayoichuma tuliirithi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wananchi wengi waligawiwa eka tatu tatu, na katika eka hizo miti ilikuwamo tayari. Mkarafuu nao huzeeka, hukauka kuanzia juu, huanguka. Serikali huotesha miche na kuigawa kwa wakulima, na vitalu vya Kizimbani vinajulikana. Lakini anayejua kuotesha mwenyewe hangojei zamu. Tutaje hatua zake:

1. Chagua mkarafuu wenye afya, unaozaa vizuri kila msimu. Uachie baadhi ya matawi bila kuyachuma.
2. Okota mipeta iliyoiva na kuanguka yenyewe, au ichume ikiwa imeiva kabisa. Tupa iliyotobolewa na wadudu.
3. Iroweke katika maji usiku mmoja ili nyama yake ilainike, kisha imenye kwa mkono. Usitumie kisu.
4. Panda siku hiyo hiyo au kesho yake. Kama ni lazima ingoje, iweke katika unyevu na kivuli, si zaidi ya siku chache.
5. Kitalu kiwe na udongo laini usiotuamisha maji, na juu yake kuwe na kivuli cha makuti. Mbegu ifukiwe kidogo tu, kiasi cha sentimita 2.
6. Mwagia maji kila siku bila kufurikisha. Mbegu huanza kuota baada ya wiki mbili hivi, na nyingine huchelewa hadi wiki sita. Usizifukue kwa haraka zako.
7. Miche ikishika, ihamishie katika mifuko au makopo yaliyotobolewa chini. Ipeleke shamba baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, masika yanapoanza, penye kivuli cha migomba.

Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua miche mingi. Mizizi bado ni mifupi. Mche utiliwe majani makavu shinani, na umwagiwe maji.

NAZI NAYO

Nazi ni mbegu kubwa ambayo kila mtu ameishika mkononi. Ina macho matatu. Mawili ni magumu, na moja ni laini. Chini ya jicho laini ndipo alipolala mtoto. Kidaka, kitale, dafu na koroma hazifai kupandwa, kwa sababu mtoto hajakomaa. Panda nazi iliyokomaa yenye makumbi yake na yenye maji ndani. Itikise uisikie.

Nazi huota taratibu, huchukua miezi kadhaa, kwa sababu chakula na maji inayo na haina haraka. Ndani yake hukua kitu cheupe kama sponji, ambacho watoto hukipenda kwa utamu. Tunakiita joya. Joya ndilo linalofyonza nyama ya nazi na kumpelekea mtoto. Ukila joya, umekula tumbo la mnazi.

KUIHIFADHI MBEGU KAVU

Turudi kwenye mpunga, mahindi na kunde. Adui wa mbegu hizi ni unyevu, joto na wadudu. Wataalamu wana kanuni yao. Unyevu ulio ndani ya mbegu ukipungua kwa sehemu 1 katika 100, umri wake ghalani huongezeka karibu mara mbili. Joto la ghala likipungua kwa nyuzi 5, umri huongezeka vile vile. Kwa hiyo polo la mbegu lililowekwa sakafuni chini ya bati la moto, upande unaovuja, linazeeka haraka sana.

Kausha mbegu juu ya jamvi au mkeka. Igeuze mara kwa mara, na iingize ndani kabla ya umande. Ing'ate punje moja: ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, bado. Iache ipoe kwanza, kisha itie katika chupa au debe linalofunga sawasawa, liweke juu ya kichaga penye kivuli. Andika karatasi uibandike: jina la mbegu, na mwezi na mwaka uliovuna. Kusoma na kuandika tumejifunza kwa kazi kama hii.

Wengine hununua kunde au choroko sokoni Darajani wakazipanda. Si kosa, lakini zile zimeletwa kwa ajili ya chungu. Muuzaji hajui zilivunwa lini wala zilikaa wapi. Zijaribu kwanza.

JARIBIO LA MBEGU 100

Jaribio hili halina gharama. Lifanye wiki tatu kabla ya kupanda, ili ukikuta mbegu ni mbovu uwe na wasaa wa kutafuta nyingine.

Hesabu mbegu 100 bila kuchagua, nzuri na mbaya zije kama zilivyo. Tandaza kitambaa kikuukuu au kipande cha gunia kilicholowa. Zipange mistari 10, kila mstari mbegu 10. Zifunike kwa kitambaa kingine kilicholowa, uviringishe kama mkeka, uweke kivulini. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Kunde na choroko zihesabu baada ya siku 5 hadi 7, mpunga na mahindi baada ya siku 7 hadi 10. Hesabu zenye mzizi na chipukizi lenye afya tu. Mpunga uliovunwa juzi juzi usiuhukumu haraka, aina nyingine hulala wiki kadhaa hata zikipata maji.

Sasa soma jawabu lako:

Zikiota 80 au zaidi, mbegu ni nzuri. Panda.
Zikiota baina ya 50 na 79, inafaa, lakini ongeza kipimo.
Zikiota chini ya 50, usiipande. Tafuta nyingine.

Kuongeza kipimo ni hesabu tu. Tuseme mkulima amezoea kutia pishi 6 katika konde lake, kwa mbegu inayoota 90 kati ya 100. Mwaka huu mbegu yake imeota 60. Azidishe 6 kwa 90, apate 540. Agawanye kwa 60, apate 9. Basi atie pishi 9. Asipofanya hesabu hiyo, thuluthi ya konde lake itakuwa ya magugu.

Siku ya kupanda mpunga wa kuroweka, mimina mbegu majini kwanza, uchote mapepe yanayoelea. Zilizozama ndizo zenye akiba. Ziroweke siku nzima, kisha zivundike ndani ya gunia lenye unyevu siku moja au mbili mpaka ncha nyeupe zionekane. Zikiwa na moto sana, zipanguse na kuzinyunyizia maji, zisije zikajipika.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini mchele hauoti na mpunga unaota?
2. Taja vitu vitatu vinavyoiamsha mbegu. Kipi ni tatizo katika shamba lako?
3. Mtu ameanika mbegu za mpeta juani siku nne, kisha amezipanda. Mweleze kilichotokea, na mwaka ujao afanyeje.
4. Mkulima hutia pishi 8 kwa mbegu inayoota 90 kati ya 100. Mbegu yake ya mwaka huu imeota 72. Atie pishi ngapi?
5. Kila mwanakisomo alete mbegu 100 kutoka nyumbani kwake. Fanyeni jaribio pamoja, muandike majawabu ubaoni, na muamue ni ya nani itakayopandwa na ni ya nani itakayokwenda jikoni.